Chumvi Kwenye Okidi

Mara ya kwanza nilidhani ni gugu, na wenyeji wa Buffalo, mji huu wa Marekani, watakwambia ni gugu kweli. Ilichomoza kwenye kokoto kati ya nyumba yangu na ya jirani, huku West Side, chini ya mti mkubwa unaozuia jua hata saa sita mchana. Majani mapana yenye mistari yalilizunguka shina. Julai ikatoa maua madogo ya kijani yaliyochanganyika na zambarau iliyopauka, na nyigu waliokuja kuyanywa waliondoka wakipepesuka. Nikapiga picha, nikasoma: okidi ya porini kutoka Ulaya, ipendayo kivuli na udongo mbovu. Kwetu Njombe watu huchimba mizizi ya okidi na kuiuza ikaliwe. Hii moja niliamua kuilinda.

Niliyemhofia ni jirani yangu, mama wa Kikongo aliyehamia hapa kutoka Louisville. Amepanda lengalenga, mchicha wa kwao, mpaka ukingo wa lami, na jembe lake halijui kubagua. Lakini ndiye pia aliyeniletea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, kila Jumapili baada ya kanisa, kwa kuwa haamini kwamba mwanamume anayeishi na vitabu anakula. Ningemwambia moja kwa moja asiing'oe okidi yangu, ningeonekana namshuku. Nilikuwa namshuku. Basi nikasimika vijiti vinne, nikazungushia uzi, ule uliokuwa karibu, mwekundu. Na kila asubuhi nikawa napiga magoti pale kuikagua.

Agosti majani yakaanza kuungua kingoni. Wiki hiyohiyo sahani haikuja. Iliyofuata pia haikuja, na salamu yake ikabaki kutikisa kichwa. Msomi mzima, nikaunganisha mambo: ananiulia ua, na dhamiri inamsuta. Nikachungulia kokoto kwa karibu. Kulikuwa na chembe nyeupe. Nikaonja moja, jambo ambalo simshauri mtu yeyote alifanye. Chumvi.

Nikaenda kugonga mlango wake.

"Mama, umemwaga chumvi kwenye ua langu?"

"Nilimwaga," alisema, macho makavu. "Chumvi ya maombi. Na nitamwaga tena."

"Kwa nini?"

"Papa prof, weye kila asubui unapiga magoti mbele ya dirisha yangu. Umefunga kamba nyekundu. Unasema-sema peke yako, luga yenye sijue. Donc, mi nifikiri nini?"

Lugha ile ilikuwa Kilatini. Nilikuwa najifunza kulitamka jina la kitaalamu la ule mmea, na sikujua kwamba dirisha lake huwa wazi.

Nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Inakuliwaka?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana, mama."

"Wanaiuzishaka?"

"Hii? Hapana."

"Bon. Sasa unaipigia magoti ya nini?"

Nina shahada tatu; hakuna iliyonisaidia. Nikasema nitaihamishia nyuma ya nyumba, kisha nikalazimika kukiri kwamba haihamishiki. Inaishi kwa kutegemea kuvu walio ardhini, walioshikamana na mizizi ya ule mti. Ukiitoa hapo inakufa.

Akakaza macho. "Donc iko na vitu chini ya udongo vyenye vinaisaidia."

"Ndiyo," nilisema, na papo hapo nikajua nimeharibu zaidi.

Niling'oa vijiti mbele yake. Uzi nikaukunja, nikampa. Akaushika kwa ncha mbili za vidole, akautia kwenye pipa la taka. Nikamwaga maji ndoo baada ya ndoo kuiosha chumvi, kwa kuchelewa. Septemba shina likalala chini, jeusi. Vitabu vinasema okidi hii huweza kukaa chini ya ardhi mwaka mzima bila kuonekana, kisha ikafufuka. Hilo sikumwambia.

Jumapili ya pili baada ya shina kuanguka, kengele ikalia. Alikuwa yeye, bado kavaa kitenge cha kanisani, na sahani imefunikwa kwa foili. Safari hii hakunikabidhi akaondoka. Alisimama palepale mlangoni.

"Kula, nione."

Nikaenda kuchukua kijiko. Sombe ilikuwa na chumvi nyingi kuliko alivyowahi kuitia. Niliila yote, nimesimama, naye akinitazama mpaka kijiko cha mwisho.