Bibi na Paka Wake, Bwana Shamba

Enzi zetu paka alikuwa paka tu, wenzangu, mnakumbuka? Kazi yake panya, mshahara wake ukoko wa ugali, na akisogelea chungu cha mboga anarushiwa ndala. Juzi mwanangu Limi kaniletea hapa Bariadi paka mwenye kitanda chake, kitana chake, chakula cha pakiti na karatasi za ukoo. Eti ni paka wa Kiingereza, wa mbegu safi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, maana mimi mwenyewe cheti cha kuzaliwa nilikipata nikiwa na watoto wakubwa. Basi akafungua kikapu, paka akatoka taratibu, akakaa chini na kunitazama. Rangi ya majivu, mashavu ya mviringo, macho ya rangi ya shaba. Kicheko kikanikatika, kwa sababu paka wa namna ile tuliwahi kuwa naye nyumbani Zagayu, na alikuwa wa bibi yangu.

Alimleta shangazi, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Mwanza kwa wazungu fulani. Walipohama wakamwachia paka, naye akaona zawadi hiyo inamfaa mama yake, aliyekuwa amebaki peke yake katika nyumba ndogo pale uani tangu babu afariki. Sisi wajukuu tulikuwa tumezoea kushinda kwa Bibi. Tukitoka shule, na jembe begani maana siku za kilimo kila mtoto alikwenda na jembe lake, tulipitia kwake kutafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyolowekwa kwenye maziwa. Msimu wa mavuno chumba chake kilijaa pamba mpaka karibu na paa. Tulijirusha humo, tukazama, tukatoka tukipiga chafya na pamba imejaa kwenye nywele. Watoto wa leo wakitaka kuruka wananunuliwa godoro la upepo na kulipiwa kiingilio, halafu wanalia wamechoka.

Yule paka hakuwa na haraka na mtu. Kila asubuhi alizunguka shamba la pamba, mstari mmoja baada ya mwingine, anatazama huku na huku, hashiki chochote, kisha anarudi kukaa kivulini. Baba akasema huyu sasa ni bwana shamba, na jina likamkaa. Bibi alimwamkia kabla yetu sisi: "Ng'wangaluka, Bwana Shamba!" Paka alifumba macho na kuyafumbua, salamu imepokelewa.

Bibi alimtunza kwa namna yake. Aligundua kwamba maziwa yanamharibia tumbo, akawa anamchambulia dagaa wa Kalemela, anatoa vichwa na kuwaosha chumvi. Alimsugua manyoya kwa gunzi la mahindi mpaka yakang'aa. Sisi tulitaka kumbeba na kumpakata, naye akawa anateleza mikononi bila kukwaruza mtu, anakwenda zake. Bibi alitukemea. "Yaya, hapana, mwacheni! Huyo ni mtu mzima. Atakuja mwenyewe." Na kweli, jikoni moshi ukitulia alikuja mwenyewe, akakaa kando ya kigoda cha Bibi, hamgusi wala hamwachi. Tangu babu afe, hapo ndipo tuliposikia Bibi akiongea tena mambo marefu, akimsimulia paka habari za ng'ombe wa zamani.

Lakini jamani, Bibi alikuwa na macho mekundu. Angekosaje? Maisha yake yote alipikia mashina ya pamba na mavi ya ng'ombe makavu, katika jiko lisilo na dirisha. Ninyi wa rika langu mnajua macho mekundu ya mama mzee yalimaanisha nini kwetu miaka ile: uchawi. Ndama wa jirani walipoanza kufa, maneno yakaanza kisimani: yule bibi na paka wake asiyelia wamefanana macho. Mama alirudi na ndoo nusu, akamwambia baba. Baba hakumaliza ugali wake. Kijiji cha pili mjane mmoja alikuwa ameshakatwa mapanga kwa maneno kama hayo.

Asubuhi yake baba alikwenda kwa Bibi, akachuchumaa mbele yake.

"Mayu," alisema, maana ndivyo alivyomwita mama yake, "afadhali tumkose paka kuliko tukukose wewe."

Bibi aliweka mkono juu ya kichwa cha Bwana Shamba. Kisha akasema, "Sawa, mpeleke. Na macho yangu haya, utayapeleka kwa nani?"

Baba aliinuka. Alimtia paka kwenye kiroba, kama desturi, ili asiione njia na kurudi. Akakizungusha kile kiroba ili kumpoteza mwelekeo, akakifunga nyuma ya baiskeli. Paka mwingine angelia na kuchana mfuko. Huyu alikaa kimya tu, na ule ukimya wake ndio ulionitoa machozi. Alipelekwa Lalago kwa rafiki wa baba. Baadaye tukasikia alikaa siku chache akitazama barabara, hali kitu, kisha akaondoka, na hakuna aliyemwona tena.

Bibi aliendelea kumchambulia dagaa na kuwaweka kando ya kigoda. Tukimwambia, "Bibi, yuko mbali," anajibu, "Atakuja mwenyewe." Panya wakaingia kwenye pamba, hakujali. Tena akaanza kuvuta kanga mpaka kwenye nyusi kila mgeni anapopiga hodi, anasalimia huku ameinamia chini. Hakuna aliyemgusa. Alikufa kwa homa, kitandani kwake, na baba alimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mimi najua tulianza kumpoteza siku ile ya baiskeli.

Sasa huyu wa Limi anatembea uani kwangu anavyotaka. Simbebi, simwiti. Jana nilikuwa nachambua dagaa, akaja mwenyewe, akakaa kando ya kigoda changu. Vijana wa nyumba ya jirani wakaruka na simu zao. Siku hizi paka akikaa tu anapigwa picha, akipiga miayo anarekodiwa, kana kwamba sisi hatukuwahi kupiga miayo.

"Bibi, tazama huku!" wakaniambia. "He! Wewe na paka wako mmefanana macho!"

Wakacheka, vicheko vizuri vya watoto wasiojua kitu. Macho yangu nayo yameshakuwa mekundu kwa moshi na umri. Mkono ulikuwa umeshaishika kanga, unaivuta. Nikaiachia. Nikawatazama, machozi yananitoka, wapige picha yao.