Nilimuvunja mudogo wangu mukono juu ya sanamu ya ukoo

Admin, jina langu ulizime, maana hapa Kalemie hakuna asiyenijua. Niko papa wa miaka hamsini na moja, nabeba mizigo bandarini tangu ujana, shule niliiachia kwenye msingi. Nguvu zangu zinajulikana. Siku moja kiboko aliingia katikati ya mitumbwi, watu wakakimbia, mimi nikamushika sikio nikamurudisha majini. Wanaobisha hawakuwapo.

Lakini ninayoandika leo hayachekeshi.

Marehemu dada yetu alituachia mutoto wake Feza, mimi na mudogo wangu Kiza. Kwetu milimani, upande wa Moba, mutoto wa dada njo wa wajomba. Akitaka kwenda mbali, wajomba wote wanamuwekea mukono wa kuume kichwani. Mmoja akikataa, haondoki. Sasa Feza anasoma historia ya sanaa kwenye institi, chuo cha hapa mjini, na akimaliza, iniversite moja ya Lubumbashi imekubali kumupokea aendelee. Kazi yake ya mwisho ni juu ya sanamu ya ukoo wetu, babu wa kuchongwa kwa muti, ambayo nilirithi mimi kwa sababu njo mukubwa. Profesa amesema picha hazitoshi, wanafunzi wengine walishaleta picha za vitu ambavyo hawajawahi kuvishika. Juma lijalo, siku ya kujitetea mbele ya walimu, sanamu yenyewe iwe mezani.

Kumbe mwezi uliopita Kiza alizika kitindamimba wake, homa. Kwenye chumba chao cha maombi wakamuambia: kaka yako anafuga kitu cha muti nyumbani, njo kinakula watoto.

Jumamosi asubuhi akaja na vijana watatu, shoka na kidumu cha esansi, mafuta ya kuchomea. Feza alikuwa anapima mistari ya chale kwenye uso wa sanamu. Kiza akashika kichwa cha sanamu, Feza akashika miguu.

"Achia, mutoto!"

"Muyomba, haya njo masomo yangu!"

Kiza akamupiga teke la tumbo. Feza akaanguka, akatapika.

Mimi nilitokea uani na muti wa kutwangia majani ya sombe. Kijana wa kwanza nilimurusha juu ya ua wa matete. Wa pili akameza meno yake. Wa tatu alikimbia akaacha suruali kwenye miiba, ulizeni mutaa wetu wote. Kiza akabaki peke yake, akainua mukono kukinga kichwa. Nilisikia mfupa. Akaniita kaka: "Yaya, basi." Nikapiga tena palepale. Nikapiga tena. Feza njo alinirukia mgongoni, akaninyang'anya ule muti, damu ya Kiza ikamupaka mikononi.

Nilimufuata hospitali. Mukono wake wa kuume umefungwa mpaka bega, vidole vimekuwa vyeusi, daktari anasema labda watakata. Kiza akanitazama.

"Umekuja kuangalia kazi yako? Nenda bandarini ukawaambie umeshinda."

Nikamuomba, akipona, aje amuwekee Feza mukono. Akacheka mpaka mama wa kitanda cha pili akageuka.

"Upi, Yaya?" Halafu akatazama bandeji. "Ile sanamu ichome wewe mwenyewe mbele yangu. Hapo nitatafuta kitu cha kumuwekea."

Nilipomupelekea Feza maneno hayo, hakulia. Alisema, "Ukiichoma, nitajitetea na majivu? Na bila Muyomba Kiza siendi. Mama alikuwa na kaka wawili, siwezi kumuruka mmoja." Kisha akarudi kupima, anashikilia tumbo.

Wale vijana wametuma neno kwamba watarudi na wenzao. Waje hata mutaa mzima, watanikuta. Hilo si swali langu.

Nikiichoma, mutoto anapoteza iniversite. Nisipoichoma, anakaa hapa anazeeka na akili zake, na mudogo wangu anakaa bila mukono, bila mutoto, bila kaka. Mimi ninajua kupiga. Ninyi mulio na maneno mazuri, nishaurini: muntu akisimama mbele ya ndugu yake aliyemuumiza hivi, akiwa hana cha kumurudishia, anaanza kusema nini?