Tukatafute mahari kwenye nyota

Leo nimechekwa kwenye simu na mtu anayetaka kuchapisha kitabu changu.

Ile riwaya yangu ya watu wanaoihama dunia, mnaijua. Nikikaa mezani na daftari, hakitoki kitu.

Nikagundua maneno yangu yako shambani, huku Busunzu. Basi simu naifunga kwenye kanga, napalilia mihogo huku nasema, yenyewe inaandika. Nikajiona mwandishi haswa!

Asubuhi hii mhariri kapiga kutoka Dar. "Dada, nimecheka mpaka machozi!"

Nikamuuliza wapi. Maana mle hakuna mzaha hata mmoja.

"Pale kamanda anapowaambia watu, dunia imekufa, twendeni tukatafute mahari kwenye nyota!"

Mahari.

Jamani, mimi nilisema mahali. Yaani nilidhani nimesema mahali. Sisi Waha na l mnatujua, hutoka r, na simu imeandika ilichosikia. Nilipitia ukurasa ule mara tatu kabla ya kuutuma, sikuona kosa. Na niliusema nikilia.

Nikamwambia nitarekebisha.

"Usiguse, dada. Bila hiyo mahari ni kitabu cha kawaida tu."

Miaka miwili nasoma habari za nyota, kumbe kilichowapendeza ni ulimi wangu.

Nimekubali. Semeni nyie, mngekataa?

Mama alikuwa analima mstari wa pili. Nilipokata simu akaniuliza, "Wamekubari?"

Nikamjibu, "Wamekubari, mama."

Kwa r. Makusudi kabisa.