Fundi Aliyetibiwa Viganja, Ugonjwa Uko Shingoni

Hasira zilimpanda tabibu wa zahanati pale dukani kwa mshonaji, tena si kidogo. Koti lake jipya jeupe, tundu za vifungo zimepinda! Na aliyelishona si kanjanja. Ni fundi ambaye mtaa mzima unamvulia kofia.

"Fundi, umenifanyia nini?"

"Nisamehe, mwanangu. Cherehani imezeeka."

Hiyo ilikuwa cherehani ya tatu mwaka ule. Mbili fundi alikwisha kuzigawa, akizisingizia. Akainuka kufuata mkasi, miguu ameitanua, mkono umeng'ang'ania ukuta.

Tabibu akasahau koti palepale. Mara mbili mzee huyu alikuja kwake akilalamikia ganzi ya vidole, na mara mbili alimfunga bandeji viganjani. Mshonaji, ni nini kingine kama si kazi yake? Loo!

"Keti. Kunja ngumi, kunjua, haraka haraka, mpaka niseme basi."

Sekunde kumi. Wengi hufika mara ishirini bila jasho. Fundi alifika tisa, vidole vinajikokota. Tabibu akamdonoa ukucha wa kidole cha kati, gumba likaruka lenyewe. "Umeona? Umeona hiyo?" Akamgonga chini ya goti, mguu ukafyatuka nusura umpige kifuani.

Mke wa fundi akacheka mlangoni. "Daktari, una wazimu? Ganzi iko vidoleni, wewe unagonga goti!"

"Mama, ugonjwa uko shingoni! Mifupa inabana mshipa mkuu wa fahamu, na amri zote za mikono na miguu zinapita hapo. Tukizubaa, hatatembea!"

Kicheko kikakatika. Tabibu alikuwa tayari kwenye simu na hospitali kubwa. Akabembeleza, akabisha, akapandisha sauti, mpaka miezi mitatu ya kungoja ikawa siku mbili.

Picha za shingo zikamuunga mkono. Fundi akapasuliwa wiki hiyohiyo, na daktari wa upasuaji akapiga simu mwenyewe. "Miguu imeponea chupuchupu! Vidole sijui, vimekaa hivyo muda mrefu mno."

Tabibu akapiga kigelegele koridoni, wagonjwa wakageuka. Kisha yale maneno ya mwisho yakamwingia. Muda huo aliupoteza yeye.

Alimkuta fundi wodini, amesimama peke yake. "Mzee, mara mbili nilikukosea. Ningekupima vizuri..."

"Najua. Jana nilikukasirikia kutwa nzima. Leo nimekwenda msalani kwa miguu yangu, hasira imepungua. Haijaisha." Akamnyooshea mikono yote miwili. "Na usinitupe kwa mtu mwingine. Vidole hivi utavihangaikia wewe."