Kipande Kisichoanikwa Mpunga

Wiki iliyopita nilishuka basi Ifakara, nikaacha begi kwa shangazi pale Kibaoni, miguu ikanipeleka yenyewe kiwanja cha ndege. Kama umekulia huku unakijua: mpunga umeanikwa kwenye maturubai, mbuzi wanazurura.

Enzi zetu ndege ilizunguka kwanza juu ya mji, chini chini, mabati yakitetemeka. Hiyo ndiyo hodi yake. Basi hapo, jamani, mbio! Kina mama wanaanua mpunga, watoto tunafukuza mbuzi, pepeta ya moto, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, bado mdomoni. Bibi alizijua kwa mngurumo. "Hiyo ya Mahenge, inapita tu. Hiyo ya Dar, anueni!"

Ya Dar ndiyo iliyomchukua mama, tumbo lilipomshika ghafla. Walimpandisha kwa machela, na rubani akamwambia bibi atamrudisha. Bibi akalishika neno hilo.

Mama alirudi kwa lori, ndani ya jeneza. Bibi aligoma hata kumtazama. "Mwanangu aliondoka kwa ndege. Huyo wa lori simjui." Watu wakazika, yeye yuko kiwanjani na kanga mpya ya kumpokelea. Tangu hapo, ndege ya Dar ikizunguka alinishika mkono tukakimbilia pale inaposimama, nami nawatazama abiria usoni wakishuka. Kaburi nilikuwa nimeliona, lakini nilitazama. Na niliogopa, maana mara nyingine nilimwona mama.

Pale ndege ilipokuwa ikisimama bibi hakutaka mtu aanike. Ukitandika turubai lako, analikunja na mpunga wako ndani, na matusi juu.

Bibi naye alishafariki. Lami imefika, watu wanapanda basi, ndege zimeadimika. Siku hiyo niliposhuka basi, kiwanja kizima kilikuwa cha njano kwa mpunga, isipokuwa kipande kimoja. Binti mmoja alikuwa akigeuza mpunga kwa mguu kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hapa mmeacha?"

"Hapo hatuaniki. Kuna mama atashukia hapo."

"Mama gani?"

"Sijui. Tumekuta wanasema hivyo."

Nikasimama kwenye kile kipande kitupu, na mngurumo ukaanza upande wa mtoni. Ya Dar. Binti aliendelea kugeuza mpunga wake, hata hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa tayari nafungua kanga kiunoni, nimpokelee.