Kikombe Nilichokataa Kuonja

Kuna aibu ambazo mtu anazikwa nazo, na kuna hii yangu, ambayo Igowole nzima inaijua na Rujewa nusu, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi ndiye shangazi yake Fotunata. Fotu ni mtoto wa marehemu kaka yangu Leonsi, na mama yake naye alitangulia mapema, basi nimemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Mwaka jana akapata mchumba, Paulo, kijana mpole wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu zamani na ng'ombe wao, sasa wanalima mpunga kule Rujewa. Barua ya posa ikaja, tukajibu, siku ikapangwa waje nyumbani kutufahamu. Na mwezi ule ule mimi nikagundulika nina TB.

Niseme ukweli wote maana nimeshazoea kuusema. Dawa za virusi nameza miaka mingi, Fotu peke yake ndiye aliyekuwa anajua, lakini hapo katikati nilizembea kidogo (mimi nasema kidogo, muuguzi alisema sana), kinga ikashuka, kikohozi kikaingia, sketi ikawa inanizunguka kiunoni. Kliniki yangu iko Ipogolo, safari ndefu kweli, lakini hapa nyumbani muuguzi ni mwanakwaya mwenzangu, anaimba sauti ya pili pembeni yangu, ningemtazamaje? Basi wakanipima makohozi Ipogolo, wakanianzishia dawa za miezi sita.

Sasa hapo ndipo nilipofanya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa kiti. Muuguzi aliniambia nikae nimtazame ili anielekeze vizuri, mimi nikakigeuza kiti kiuangalie mlango, nikihofia asije akapita mtu wa Igowole akanikuta kwenye chumba cha TB. Dada wa watu akaeleza pole pole, mimi macho yangu mlangoni, kila kiatu kinachopita nakihesabu. Nilichobeba kichwani ni vitu vitatu tu: meza kila siku, fungua madirisha, mkojo utabadilika rangi usiogope. Mengine yote yalipita juu ya kichwa changu kama ukungu wa Mufindi.

Siku ya wageni ikafika, mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua. Mimi nikafungua madirisha yote. Yote! Wageni wametoka Rujewa kwenye joto, wamekaa sebuleni kwangu wanatetemeka, mama yake Paulo kajifunga vitenge viwili mabegani, na msemaji wao, Mzee Shija, baba mkubwa wa Paulo, kila akianza kusema meno yanagongana. Fotu akaja kufunga dirisha, nikamkata jicho. "Shangazi, watakufa na baridi!" Nikamwambia hewa safi ni heshima kwa mgeni.

Tukala vizuri, kuku na ugali, nikasifiwa. Kisha ikaja togwa. Togwa ya ulezi aliyoipika Fotu mwenyewe siku tatu, na mnajua utaratibu wetu tangu enzi za bibi: mwenyeji anaonja kwanza mbele ya wote, anameza, ndipo anampa mgeni kikombe kile kile. Bibi yetu alikuwa anaonja huku amefumba macho, halafu anasema "Kamwene", salamu yetu, na kukipitisha, na mimi na Leonsi tunagombania povu litakalobaki. Hiyo ndiyo ndoa ya kwanza, alikuwa anasema bibi, kabla ya ile ya kanisani.

Nikashika kikombe. Na hapo nikamkumbuka Leonsi.

Leonsi alikohoa mwaka mzima, miaka ile dawa za virusi hazijafika kwetu, na sisi kwa woga tukamtengea kikombe chake, cha bati cha bluu, na sahani yake, na kona yake ya kulia chakula kule jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa nakisugua kikombe kile kwa majivu, nakitundika kwenye msumari wake peke yake. Hakuna aliyekigusa mwingine. Basi kwenye akili yangu TB inakaa kwenye kikombe, ilikuwa imeandikwa humo kabla muuguzi yeyote hajazaliwa, na mimi nikaona nikionja ile togwa nawapa wakwe wa mwanangu kifo mkononi.

Nikainua kikombe mdomoni nikafunga midomo, nikajifanya nameza, hadi "aah" nikasema. Mama yake Paulo alikuwa ananitazama.

"Dada," akasema taratibu, "hujameza."

"Nimemeza."

"Povu liko vile vile."

Nikasema nimefunga. (Nimefunga! Mtu aliyetoka kumaliza paja la kuku mbele yao.) Fotu akaniangalia kama aliyepigwa kofi. Nikaona nimeharibu, nikasema hapana, ni tumbo linanisumbua, Fotu aonje badala yangu, na hapo ndipo nilipochimba shimo lenyewe, maana kwetu binti anayeposwa haonji, na kwao ndio kabisa.

Mzee Shija akaweka fimbo yake sawa kati ya magoti. "Sisi tumetoka Rujewa tangu alfajiri," akasema. "Tumekaa kwenye baridi hii hatukuuliza. Lakini kikombe ambacho mwenyeji anakikimbia, mama, sisi hatukinywi. Kama hamumtaki kijana wetu mngesema kwenye barua."

Akasimama. Wote wakasimama. Nikamwona Fotu ameshika mlango wa jikoni, midomo inamcheza, vile vile ilivyokuwa inamcheza siku tuliyomzika baba yake. Mimi nikaanza kulia. Nikanyakua kitambaa cheupe kilichofunika jagi, nikajifuta, na nilipokiondoa usoni nikasikia mama yake Paulo anapiga ukelele.

"Mayoo! Analia damu!"

Nikakitazama kitambaa. Kina rangi ya chungwa, madoa mawili makubwa. Mkojo niliambiwa, jamani, machozi nani aliniambia? (Aliniambia. Nilikuwa nahesabu viatu.) Mzee Shija amerudi nyuma hadi amegonga kabati la vyombo, mmoja wao keshaanza kusali, na jirani zangu wamejaa dirishani, maana madirisha si niliyafungua mwenyewe?

Basi nikasema. Nikasema nina TB. Na nilipoanza sikujua pa kukomea, nikasema na virusi ninavyo, na dawa nilizizembea, na Leonsi naye ilikuwa hivyo hivyo, na kikombe nimekikataa ili nisiwaue, mtoto hana kosa, mchukueni, mimi sitakanyaga kwenye harusi. Yote hayo mbele ya nusu ya kwaya.

Mama yake Paulo akanijia, akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akakigeuza geuza kwenye mwanga.

"Una muda gani unameza?"

"Mwezi umepita."

"Na hawakukwambia? TB inatembea kwa hewa, dada, haitembei kwa kikombe. Na ukishazimeza vizuri wiki kadhaa nguvu ya kuambukiza inaisha. Mimi nilimeza miezi sita pale Rujewa, mkojo kama mawese, shuka zangu zote zina rangi hii mpaka leo." Akamgeukia Fotu. "Wewe unayeishi naye kesho kapimwe." Kisha akanirudishia kikombe. "Haya, onja. Na hayo madirisha yaache wazi, lakini nitafutie blanketi."

Nikaonja. Nikameza hadi wote wakasikia. Akakipokea akanywa nusu nzima, akampa Mzee Shija, naye akakitazama kwa muda mrefu, akanywa.

Fotu alipimwa, mzima. Harusi ilikuwa Rujewa, nikacheza mpaka viatu vikanishinda.

Ila jioni ile wageni walipoondoka nilikwenda jikoni, nikakitoa kikombe cha bluu kwenye msumari wake. Kilikuwa na vumbi na buibui. Nikamimina togwa iliyobaki nikanywa humo, na nililia tena, machungwa matupu. Mwaka mzima kaka yangu alikunywa peke yake, akitusikia sisi tunacheka upande wa pili wa ukuta, na haikumkinga mtu yeyote na chochote. Hilo ndilo linaloniuma, si aibu ya wakwe. Aibu ya wakwe nachekea.

Dawa nilizimaliza, na hizi nyingine nameza bila kukosa, tena hapa hapa Igowole kwa yule wa sauti ya pili. Na kiti nakigeuza mwenyewe kabla sijaambiwa: mlango unauona mgongo wangu tu, na anayepita apite.