Gobore Chumbani kwa Mama Mkwe

Baba yangu ana gobore lenye leseni, na sheria yake anaijua kuliko sala: lifungiwe kwenye sanduku, ufunguo akae nao mwenyewe, asiliguse mtu mwingine. Sanduku aliligongomea misumari kwenye nguzo ya chumba cha ndani cha tembe letu. Baadaye bibi mzaa mama akaja kuuguza mguu, akapewa chumba hichohicho. Baba akafurahi.

"Sasa nani ataiba?"

Kweli, hakuna, hata baba mwenyewe. Kwetu mwanamume haingii anapolala mama mkwe wake, hata nyumba ikiungua.

Likizo iliyopita Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akaja na askari kukagua bunduki. Baba akautazama mlango wa bibi, kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

"Bwana mkubwa, mle amelala mkwe wangu."

"Mwamshe."

"Hajasinzia. Yumo tu."

Mama akajitolea kulileta. Bwana Shauri akakataa. Leseni haina jina la mama. Asipoletewa na mwenyewe, anaichukua leseni, na nguruwe pori wamalize mtama wetu.

"Basi bibi atoke," askari akasema.

"Akitoka yeye, kitanda chake kinabaki," mama akamjibu.

Mimi na akili zangu za shule nikadakia, "Baba atoboe ukuta kwa nje, aingize mkono. Mkono haujaoa."

Nilikuwa natania. Baba akanipa jembe.

Udongo wa tembe katika kiangazi ni mgumu kama hesabu. Tundu lilipopatikana, baba akapenyeza mkono wenye ufunguo, uso kaugeuzia zizi la ng'ombe. Bibi akamwelekeza kwa kupitia mama, kama heshima inavyotaka.

"Mwambie mumeo kushoto. Kushoto zaidi." Mkono ukasogea. "Mwambie huo ni mguu wangu."

Baba akauchomoa mkono kama kaumwa na nyoka. Askari akaenda kucheka nyuma ya punda wake.

Mara ya pili gobore likatoka, kitako kwanza. Bwana Shauri akalikagua, akatia sahihi, kisha akachungulia tunduni.

"Hapa mwizi anaweza kupitisha mkono. Rudisha bunduki, ziba sasa hivi."

Tukaziba, yeye akiwa amesimama. Leseni tunayo. Bibi naye anasema mguu umezidi kuuma tangu ushikwe, hatoki mpaka mavuno.

Kwa hiyo kila jioni baba, mwenye bunduki halali ya Serikali, anakwenda shambani kufukuza nguruwe kwa kupiga debe.